Mwendokasi, Velositi na Mchapuko: Maswali Matatu ya Kujiuliza

Mwanafunzi anaweza kujua kugawa umbali kwa muda, lakini swali la fizikia likigeuzwa kidogo anakwama. Kabla ya kushika kalamu, jiulize maswali haya kwa mpangilio.

1. Ni umbali gani, kwa muda gani? Jibu lake ni mwendokasi. Pikipiki ikitoka mji wa Baraka kwenda mji wa Fizi, tuseme kilomita 35 kwa saa moja, mwendokasi wake wa wastani ni km 35 kwa saa. Ni wastani, maana penye matope ilijikokota na penye tambarare ikakimbia.

2. Ametoka wapi, amefikia upande gani? Hapo unatafuta velositi. Kati ya Baraka na rasi ya Ubwari kuna Ghuba ya Burton, na rasi hiyo imeungana na nchi kavu upande wa kusini. Mwenye mtumbwi anakata maji kwenda mashariki. Anayepita nchi kavu lazima azunguke. Tuchukue tarakimu nyepesi: kuzunguka ni km 45, mstari ulionyooka ni km 15, na safari imechukua saa 3. Mwendokasi wa wastani ni km 15 kwa saa, lakini velositi ya wastani, inayohesabu mstari ulionyooka tu, ni km 5 kwa saa kuelekea mashariki. Akirudi Baraka, velositi ya wastani ya safari nzima ni sifuri, hata awe amechoka vipi.

3. Velositi inabadilika? Kama ndiyo, kuna mchapuko. Toa velositi ya mwanzo kwenye ya mwisho, kisha gawa kwa muda. Pikipiki iliyosimama ikifikia mita 10 kwa sekunde ndani ya sekunde 5, mchapuko ni 2 m/s². Kutoka mwendo huo, ikifunga breki na kusimama kwa sekunde 4, ni −2.5 m/s². Na ikikata kona bila kupunguza mwendo, bado ina mchapuko, kwa kuwa mwelekeo umebadilika.

Jaribu mwenyewe. Pima mita 50 uwanjani, mwenzako akimbie, wewe hesabu muda kwa simu. Akitumia sekunde 10, mwendokasi wake ni mita 5 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6 upate km 18 kwa saa.

Kwenye mtihani, usifunge jibu bila kipimo chake. Na likiwa ni velositi, andika na mwelekeo.