Newgrange, Aengus na Mwandishi wa Leinster

Vijana wenzangu, swali hili haliishi: eti Mkatoliki akisoma hadithi za miungu ya kale anatenda dhambi?

Hebu twende Ireland, bonde la mto Boyne. Pale lipo kaburi la mawe, Newgrange, lililojengwa yapata mwaka 3200 K.K., kabla ya piramidi za Giza. Karibu na Desemba 21 jua likichomoza, mwanga hupenya tundu lililo juu ya mlango, hupita njia ya mita 19 hadi chumba cha ndani, hukaa kama dakika 17. Basi, giza tena.

Hadithi husema ni nyumba ya mungu Aengus, aliyeipata kwa ujanja (sungura wetu angemwamkia).

Na hadithi hizi nani kazihifadhi? Wakristo, wengi wao wamonaki! Katika Kitabu cha Leinster, cha karne ya 12, mwandishi mmoja alinakili kisa kirefu cha vita ya kugombea fahali. Mwishoni, kwa lugha yao, anambariki kila atakayekikariri bila kubadili kitu. Halafu, kwa Kilatini, anasema yeye haviamini: mengine humo ni hila za mashetani, mengine utunzi wa washairi, mengine yanafanana na kweli, mengine ni ya kufurahisha wajinga tu.