Kilichovunjika kwa Bahati Mbaya, Nani Alipe?

 

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi tuliletewa suala na mama mmoja mjane. Mama huyu hushona nguo za watu, na kwa kushona huko ndiko alishako wanawe. Siku chache kabla ya Idi wifi yake alikwenda kwake akaazima cherehani, ili ashone nguo za watoto wake. Huko nyumbani kwa wifi, mtoto wa kiume wa miaka tisa alikuwa akikimbia, akajikwaa katika waya wa umeme, cherehani ikaanguka sakafuni ikapasuka, isifae tena. Jamaa wakakutana. Mzee wao akasema: "Sisi ni ndugu, aliyevunja ni mtoto, na hii ni bahati mbaya. Samehe, yamekwisha." Mama akanyamaza, na wote wakamsifu kwa subira yake. Sasa auliza: Je, mimi sina haki yoyote? Na nikiitaka haki yangu, nitakuwa nimekata udugu?

Suala hili si la mama huyu peke yake. Leo ni cherehani, kesho ni simu ya shangazi iliyoangushwa na mpwawe, kesho kutwa ni mabakuli ya kaure yaliyoazimwa kwa ajili ya harusi yakarudi nusu. Na kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Mahakama za Kadhi huhukumu mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mambo ya vyombo vilivyovunjika hayamo humo, basi aghalabu huamuliwa na wazee barazani. Kwa hiyo ni wajibu wazee hao wajue wanachokiamua.

Jambo la kwanza. Bahati mbaya huondoa dhambi, haiondoi dhamana. Asiyekusudia hana makosa mbele ya Mwenyezi Mungu, na si halali kumtukana wala kumpiga. Walakini mali ya mwenyewe imekwisha kuharibika, na kutokusudia kwa mvunjaji hakukuirudisha. Mafakihi wamesema hata mtu aliyelala, akijigeuza usingizini akavunja chupa ya mwenziwe, ataidhamini. Basi aliye macho je? Na lililo kubwa kuliko hilo ni la roho ya mtu. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 92, aliyeua Muislamu mwenziwe kwa kukosea amewajibishwa diya kwa jamaa za aliyekufa, ila wakiisamehe wao wenyewe kuwa ni sadaka. Tazama vizuri, ewe ndugu: haki imethibitishwa kwanza, kisha msamaha umewekwa mikononi mwa wenye haki, si mikononi mwa mwingine.

Jambo la pili. Yatubidi tuangalie kile kitu kilikuwa mkononi mwa nani, na kwa njia gani. Hapa watu wengi huchanganya.

Kitu kilichoazimwa, ambacho kwa lugha ya fikihi huitwa ariya, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi kimo katika dhamana ya aliyekiazima. Kikiharibika mkononi mwake atalipa, hata kama si yeye aliyekivunja, na hata kama hakufanya uzembe. Kisicholipwa ni kile kilichochakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Sindano ikikatika katika kushona nguo iliyoazimiwa cherehani, hailipwi. Cherehani ikianguka mezani, yalipwa. Imam Abu Hanifa yeye amesema ariya ni amana, na aliyeazima halipi ila akifanya uzembe au akivuka mpaka. Tumeitaja kauli hii ili msomaji ajue kuwa wanavyuoni wamekhitalifiana. Hakuna katika hao aliyesema kuwa udugu ndio unaoondoa malipo.

Ama kitu kilichowekwa kwa mtu ili akitunze, hicho ni amana. Ndugu yako akikuwekea sanduku lako kwa hisani yake, kisha likaharibika bila ya uzembe wake, huna haki ya kumdai. Na hapa pia watu hudhulumu kwa upande wa pili: humfanyia mtu ubaya kwa kuwa alikubali kuwatendea wema.

Ama mtoto, hana dhambi, lakini alichokiharibu hulipwa katika mali yake ikiwa anayo. Asipokuwa nayo, ni deni juu yake mpaka apate. Kwa asili ya hukumu baba halazimiki kulipa kwa kuwa ni baba tu, bali akilipa amefanya wema mkubwa. Lakini katika suala letu mama wa mtoto ndiye aliyeazima, kwa hiyo dhamana imo shingoni mwake yeye, na neno la "aliyevunja ni mtoto" halimtoi.

Jambo la tatu ni kiasi cha malipo. Kitu chenye mfano wake sawasawa, kama mchele au mafuta, hulipwa kwa mfano wake. Kisicho na mfano sawasawa, kama cherehani iliyokwisha kutumika, hulipwa kwa thamani yake siku ile ilipoharibika. Maana yake ni kwamba mwenye cherehani ya miaka minane hana haki ya kudai bei ya mpya iliyoko dukani. Kitu kikiwa kimepungua tu wala hakikufa, hulipwa kile kilichopungua katika thamani yake. Na wakisikilizana kwa ridhaa kuwa mmoja agharimie fundi, hiyo ni sulhu, na sulhu ni kheri.

Sasa natuje kwenye kiini cha suala, nacho ni msamaha. Kusamehe ni jambo tukufu, na hatumkatazi mtu. Tunalolikataa ni msamaha unaotolewa na asiye na mali, au unaokamuliwa kwa mwenye mali kwa haya za watu. Mali ya Muislamu si halali ila kwa uradhi wa nafsi yake, na kunyamaza kwa mjane mbele ya wazee kumi si uradhi. Na kama mali ni ya yatima, basi hata mlezi wake hana ruhusa ya kuisamehe.

Iangalieni sera ya Mtume (S.A.W.). Katika mwaka wa 8 wa Hijra, alipotoka kwenda Hunayn, aliazima nguo za chuma za vita kwa Safwan bin Umayya, ambaye siku hizo alikuwa hajasilimu. Safwan aliuliza kama yanyang'anywa mali yake, akajibiwa kuwa ni ariya yenye dhamana. Imepokewa kuwa baadhi ya nguo hizo zilipotea, na Mtume akataka kumlipa, na Safwan mwenyewe akakataa kulipwa, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umekwisha kuuelekea Uislamu. Mwangalie nani aliyeanza: mwenye kudaiwa ndiye aliyetangulia kutaka kulipa, na mwenye mali ndiye aliyesamehe baadaye, kwa ulimi wake. Sisi tumeupindua mpango huu. Mwenye kudaiwa hukaa kimya, na mwenye mali hulazimishwa aanze yeye kusamehe.

Na nyumbani kwake Mtume sahani ilipata kuvunjwa na mmoja wa wake zake kwa wivu, na sahani ilikuwa ya mke mwenziwe. Mtume hakupiga kelele. Alikusanya vipande na chakula, akamtolea mvunjaji udhuru mbele ya watu, kisha akaipeleka sahani nzima kwa yule aliyevunjiwa. Mapenzi hayakuizuia haki, na haki haikuyavunja mapenzi.

Basi jawabu letu kwa mama huyu ni hili: Haki unayo, nayo ni thamani ya cherehani yako kama ilivyokuwa siku ile. Kuidai kwa maneno mazuri si kukata udugu. Ukimpa wifi yako muhula kwa dhiki yake, una thawabu. Ukimpunguzia, una thawabu. Ukimsamehe yote kwa moyo wako, ni sadaka. Lakini ni lako wewe kuchagua.

Na kwa wifi tunasema: nenda wewe kwanza, kabla hujaitwa. Kama huna fedha, sema ninayo deni, nitalipa kidogo kidogo. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, wala hawakusema dawa yake ni ujamaa.

Na kwa wazee, nami nikiwa miongoni mwao, nasema kwa kukiri. Mara nyingi barazani nimesema "yamekwisha" ili tuondoke mapema, nikadhani nimepatanisha. Sikupatanisha, nilihamisha hasara tu kutoka kwa mwenye nguvu kumpelekea aliye dhaifu, kisha nikaiita subira. Namwomba Mwenyezi Mungu anighufirie, nanyi mnapokaa kuamua, muulizeni mwenye mali faraghani, wala msimuulize mbele ya watu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kutekeleza haki za watu kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Amin.