SOMO LA WATU WAZIMA: HESABU YA SOKONI NA HESABU YA KARATASI



Katika darasa la watu wazima tunasikia kila mara, "Mchungaji, mimi hesabu sijui." Anayesema hivyo ametoka kuuza maharage tangu asubuhi. Kopo moja shilingi 700, mteja anataka makopo 10. Mama haandiki: matatu ni 2,100; matatu mengine, 4,200; matatu tena, 6,300; na moja, 7,000. Fundi naye akijenga hupima kwa kamba mita 3 upande huu na mita 4 upande ule. Akiona kutoka ncha hadi ncha ni mita 5, anajua kona iko sawa.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watoto 5 waliouza vitu mitaani huko Recife, Brazili. Wakiwa kwenye biashara walipatia kama hesabu 98 katika kila 100. Hesabu za namna hiyo hiyo zilipoletwa kama za shuleni, namba tupu, walipatia kama 37 tu. Mmoja wao alijumlisha bei ya nazi 10 kwa tatu tatu, kama mama wetu wa maharage.

Kumbe akili ipo. Karatasi ndiyo inayotupiga.

Akina mama wa kikundi chetu walikopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, miezi 3, kila mwezi walipe 130,000. Sisi wenyewe, na chuo chetu cha Biblia, tuliwasomea karatasi ile kwa sauti na hatukuona kitu. Wakaweka dole gumba. Walipolipa mara ya kwanza, yule muuza maharage akauliza, "Laki moja tumekwisha kuirudisha. Mwezi ujao tunailipia riba ya nini?"

Tulinyamaza. Kisha tukapanga mawe 3 mezani, kila jiwe laki moja. Mwezi wa kwanza mawe 3, riba 30,000. Toa jiwe, mwezi wa pili riba 20,000. Toa jingine, 10,000. Jumla 60,000. Karatasi ilidai 90,000. Mkopeshaji hakuiba, kwa maana riba za namna zote mbili zipo, na yake iliandikwa. Lakini zile 30,000 za tofauti zilikuwa karibu makopo 43 ya maharage, na swali lilipaswa kuulizwa kabla ya dole gumba.

Zoezi: Mkopo wa 600,000, asilimia 5 kwa mwezi, unarudishwa kwa miezi 4, kila mwezi 150,000 pamoja na riba. Tafuteni riba yote kwa namna zote mbili. Njooni na mawe yenu. Tutasahihisha Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe.