AKILI NAYO HUPIMWA

Mwenzetu akisahau alichofundishwa jana, sisi humwita "kichwa maji" tukacheka. Je, tumewahi kujiuliza kama aliwahi kuugua sana utotoni?

Malaria ikipanda kichwani, mtoto hushikwa na degedege na kupoteza fahamu. Akitibiwa mapema huweza kupona, nyumbani wakashangilia. Kumbe homa imetoka lakini madhara huenda yamebaki ubongoni! Watafiti wa KEMRI huko Kilifi, kituo kilichoanza mwaka wa 1989, waliwapima watoto wa aina hiyo miaka kadhaa baada ya kupona. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2005, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu fulani.

Upungufu huo hauonekani katika damu. Ndipo unapohitajika upimaji wa nyurosaikolojia, yaani kupima kazi za ubongo kwa kutazama mtu anavyotenda. Mtoto hurudia tarakimu, hutaja picha, hupanga vibao. Mpimaji huchunguza:

(a) kumbukumbu;
(b) lugha;
(c) makini;
(d) wepesi wa mikono.

Huu si mtihani wa kupita au kuanguka. Daktari hujua ni wapi pana kasoro, mwalimu hujua kutoa maagizo mafupi mafupi, na mzazi huweka kiboko chini.

Lakini kipimo cha Ulaya hakiletwi hivi hivi tu. Mtoto akionyeshwa kitu asichowahi kukiona atashindwa, na ubongo wake ni mzima kabisa! Kwa hiyo Kilifi walitayarisha vipimo kwa lugha ya wenyeji na kwa vitu wanavyovijua. Hata kwetu, Wakipsigis humwita mtoto mwerevu ng'om. Charles Super na Sara Harkness, watafiti Wamarekani walioishi kwetu miaka ya 1970, waligundua kwamba wazazi humsifu hivyo hata mtoto anayekumbuka kazi za nyumbani bila kuambiwa. Sifa hiyo kalamu na karatasi haziipimi.

Msiseme malaria ni ya Pwani tu. Miaka ya 1990 milipuko yake iliingia hadi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na sisi wa nyanda za juu hatuna kinga ya kutosha.

Basi wenzangu, tuache kucheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenzako akianza kusahau baada ya kuugua, mwambie mwalimu, naye awashauri wazazi wampeleke hospitali.