Kansas: Makocha Wanne, Shimo Lilelile

Timu ikifungwa kila wiki, anayetimuliwa ni kocha. Hilo tunalijua wote, awe wa Ligi Kuu au wa timu ya kitivo. Ila twende Marekani, Chuo Kikuu cha Kansas, tuone kocha anakuta nini siku anapoajiriwa. Mchezo wenyewe si soka, ni futiboli ya Kimarekani, ule wa kofia ngumu.

Msimu wa 2007 Kansas ilishinda mechi 12 na kupoteza moja tu, chini ya Mark Mangino. Alijiuzulu Desemba 2009, baada ya uchunguzi kuhusu alivyowatendea wachezaji. Akaja Turner Gill: ushindi 5, vipigo 19. Charlie Weis: 6 na 22. David Beaty: 6 na 42, na mwaka 2015 hakushinda hata mechi moja kati ya 12. Les Miles: 3 na 18. Hawa si watu wa kuokotwa. Weis alikuwa kocha msaidizi New England Patriots walipotwaa Super Bowl tatu. Miles aliipa LSU ubingwa wa taifa. Sasa jamani, wote wanne walisahau kazi?

Mimi naona tatizo liko kwenye hesabu. Kwa kanuni za wakati ule, timu iliruhusiwa wachezaji 85 wenye ufadhili wa masomo, na wapya wasiozidi 25 kwa mwaka. Weis alitaka matokeo ya haraka. Aliwaondoa wengi aliowakuta, akajaza nafasi kwa vijana kutoka vyuo vya miaka miwili. Vijana hao huja wameshaiva, lakini wengi wamebakiza misimu miwili tu ya kucheza. Yaani ni kama kulipa ada kwa mkopo wa kausha damu: muhula huu umepona, ujao utajuta. Septemba 2014, baada ya mechi nne za msimu, Weis akatimuliwa, na pengo likawa la Beaty.

Chukua daftari. Tuseme umekuta wachezaji 60, na kila mwaka wanamaliza 15. Ukisajili 25, mwaka wa kwanza una 70, wa pili 80. Kikosi kinajaa mwaka wa tatu, tena kama hakuna aliyefeli wala aliyeacha. Gill alipewa misimu miwili.

Halafu kuna mabosi. Lew Perkins, aliyemwajiri Gill, aliondoka 2010. Aliyemfukuza Gill ni mkurugenzi mpya wa michezo, Sheahon Zenger, ambaye ndiye aliyewaleta Weis na Beaty. Zenger naye akaondolewa 2018, akaingia Jeff Long, na mwaka huohuo Beaty akaachishwa, akaletwa Miles. Bosi mpya anataka mtu wake, na kocha mpya anakuja na mfumo wake, kwa hiyo kijana aliyesajiliwa kwa mfumo wa jana leo hana nafasi. Sisi wa Elimu tunaujua mchezo huu: badilisha mtaala kila mara, halafu mlaumu mwalimu.

Aprili 2021 akaja Lance Leipold kutoka Buffalo, pamoja na wasaidizi wake wa miaka mingi. Alibahatika pia, maana mwaka huo kanuni zililegezwa, mchezaji akaweza kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na baadhi ya vijana wake wakamfuata. Beaty hakuupata mlango huo. Hata hivyo, msimu wa kwanza Leipold alishinda mechi 2 na kupoteza 10. Moja ya hizo mbili ilikuwa Austin, Texas wakilala 57-56: ushindi wa kwanza wa Kansas ugenini kwenye ligi ya Big 12 tangu 2008. Aliyedaka mpira wa ushindi hakuwa hata na ufadhili.

Chuo hakikumhesabia siku; 2022 kilimwongezea mkataba. Mwaka 2023 alishinda 9 na kupoteza 4. Mwaka 2024 akateleza, 5 na 7, na 2025 bado alikuwa kwenye benchi lilelile.