Dondoo Muhimu: Mandari ya Familia Langas Wakati wa Krismasi

Mandari, yaani mlo wa pamoja unaoliwa nje kwa mapumziko, huharibiwa zaidi na mambo madogo yaliyosahauliwa kuliko na uhaba wa chakula.

1. Kwa kuwa Eldoret, uliko mtaa wa Langas, iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako jua la adhuhuri huchoma ilhali jioni huingia baridi, wazee waketishwe kivulini na masweta ya watoto yabebwe.
2. Kachumbari ikatwe nyama inapokaribia kuiva, kwani nyanya zilizokatwa asubuhi hutoa maji na kuchacha.
3. Ubao wa nyama mbichi usikatiwe nyama choma. Kosa hili ni la kawaida, nalo huumiza matumbo.
4. Mursik, maziwa ya Wakalenjin yaliyochachushwa kibuyuni, yawekwe kivulini.
5. Makaa yazimwe kwa maji.