Pambo Lisimeze Herufi: Kutengeneza Mabango ya Kusomea kwa Kompyuta

Utangulizi

Bango la maneno ni miongoni mwa zana ambazo mwalimu wa Darasa la Kwanza hana budi kuzitumia. Hubandikwa ukutani mwanzo wa juma, hubaki pale siku zote, na mtoto hulitazama hata wakati mwalimu hayupo. Katika nyumba nyingi za vijijini vitabu ni haba. Kwa hiyo neno lililoandikwa ukutani mwa darasa huenda likawa ndilo neno la kwanza ambalo mtoto amepata nafasi ya kulitazama kwa utulivu. Namna neno hilo lilivyoandikwa, basi, si jambo dogo.

Siku hizi wanachuo wengi hutengeneza mabango yao kwa kompyuta. Programu za kuhariri picha zimewapa uwezo ambao zamani ulikuwa wa mchoraji hodari peke yake: kuzitia herufi kivuli, kuzizungushia ukingo wa rangi, kuzijaza nakshi na kuzifanya zionekane kana kwamba zimechongwa. Tumeyakagua mabango ya namna hiyo wakati wa mazoezi ya kufundisha, na mara kwa mara tumeona mambo mawili yakienda pamoja: bango linasifiwa na watu wazima, lakini watoto hawalisomi. Makala haya yanakusudia kueleza sababu ya jambo hilo, kisha kuonyesha hatua za kutengeneza bango ambalo pambo lake linasaidia kusoma.

Kanuni tutakayoifuata ni moja: pambo lielekeze jicho mahali somo lilipo. Pambo lisilofanya kazi hiyo liondolewe.

Tuchukue mfano wa Darasa la Kwanza katika kata ya Kibingo, Wilaya ya Kyerwa, ambayo ilimegwa kutoka Wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Watoto wengi wa huko huja shuleni wakisema Kinyambo. Mwalimu wa sehemu hizo huwasikia baadhi yao wakichanganya sauti za l na r wanaposema Kiswahili. Somo letu litakuwa juu ya maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu: kalamu na karamu.

Fundisho tunalolipata katika kanga

Kabla ya kuwasha kompyuta, yafaa tutazame kazi ya mapambo na maandishi ambayo kila mmoja wetu ameiona tangu utotoni, nayo ni kanga. Kanga ina sehemu tatu. Kuna pindo, yaani mpaka unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, yaani sehemu ya katikati. Na kuna jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa juu kidogo ya pindo la chini. Miongoni mwa wafanyabiashara waliovuma kwa kanga zenye maneno ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianzishwa mwaka 1887 na ambaye chapa yake, Mali ya Abdulla, inajulikana hadi leo.

Tukiichunguza kanga kwa makini tutaona kwamba nakshi zote zimewekwa katika pindo na mji. Jina lenyewe, aghalabu, limeandikwa kwa herufi kubwa zilizo wazi, zisizo na kivuli wala maua ndani yake, na mara nyingi limepewa nafasi yake tupu. Pambo limelizunguka neno, halikuliingilia. Ndiyo maana mtu anaweza kulisoma jina la kanga iliyovaliwa na mwenzake anayepita upande wa pili wa njia.

Kinyume chake ni maandishi ya matatu za Nairobi. Huko herufi hupindwa, hurefushwa na kuwashwa moto wa rangi, na kazi hiyo ina ustadi wake. Lakini msomaji wake ni mtu mzima aliyekwisha kujua kusoma, naye hulitambua neno hata likiwa limevurugwa nusu. Mtoto wa Darasa la Kwanza hana akiba hiyo. Yeye bado anajifunza kwamba b si d, na kwamba u si n.

Tahadhari moja yahitajika. Tunachoazima katika kanga ni mpangilio wa pambo na neno, wala si herufi kubwa. Mtoto anayeanza kusoma hukutana zaidi na herufi ndogo katika kitabu chake. Kwa hiyo maneno ya kusomwa yaandikwe kwa herufi ndogo.

Kuchagua umbo la herufi

Kila kompyuta ina maumbo mengi ya herufi, yaitwayo fonti. Fonti nyingi huichapa herufi a ikiwa na kikonyo kilichopinda juu yake, na g ikiwa na matumbo mawili. Mtoto hafundishwi kuandika hivyo. Akiona a ya namna moja ubaoni na ya namna nyingine kwenye bango, atadhani ni herufi mbili.

Ipo fonti iliyobuniwa kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma, nayo imepewa jina la Kiswahili: Andika. Ilitengenezwa na shirika la SIL na hutolewa bure. Katika fonti hiyo a na g zina umbo jepesi, karibu sawa na lile la mkono wa mwalimu, na herufi zinazofanana zimetenganishwa kwa makusudi. Tunashauri itumike kwa maneno yote ambayo mtoto atatakiwa kuyasoma.

Hatua za kutengeneza bango

Programu tutakayoitumia ni GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Photoshop, ambayo ilitolewa mwaka 1990, ndiyo mashuhuri zaidi, lakini hulipiwa ada. GIMP ni bure, na kwa shule ya msingi jambo hilo lina uzito. Amri zake tutazitaja kama zinavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta.

Hatua ya kwanza: fungua ukurasa mpya wa A4 uliolazwa, wenye pikseli 3508 kwa 2480. Huo ni ukubwa wa A4 kwa pikseli 300 katika kila inchi.

Hatua ya pili: chagua zana ya maandishi, weka fonti ya Andika kwa ukubwa wa pikseli 800 hivi, uandike kalamu kwa rangi nyeusi. Neno hilo litajaza sehemu kubwa ya upana wa ukurasa na kuacha nafasi ya mpaka. GIMP huliweka neno katika tabaka lake lenyewe. Tabaka ni kama karatasi ya kioo iliyolazwa juu ya nyingine: unaweza kuigusa moja bila kuharibu iliyo chini yake.

Hatua ya tatu: nakili tabaka la neno kwa amri ya ‘Duplicate Layer’. Katika nakala hiyo, chagua herufi l peke yake na uibadilishe iwe nyekundu. Kisha fungua tabaka jipya, uchore mstari mnene mwekundu chini ya l hiyo. Mstari huo una sababu. Wapo watoto ambao macho yao hayatenganishi rangi vizuri. Tena bango likitolewa nakala kwa mashine ya nyeusi na nyeupe, wekundu hupotea, bali mstari hubaki.

Hatua ya nne: tengeneza mpaka katika tabaka jingine. Nakshi zake zitoke katika mazingira ya mtoto: misuko ya mikeka na vikapu, au pembe za kupindapinda kama zile za imigongo, sanaa ya ukutani ya majirani zetu wa Rwanda ng'ambo ya Mto Kagera, ambayo hupendelea nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Kati ya mpaka na neno iachwe nafasi tupu isiyopungua upana wa herufi moja.

Hatua ya tano: hifadhi kazi yako kama faili la XCF, ambalo hutunza matabaka yote, kisha toa nakala ya PNG kwa ajili ya kuchapa. Neno karamu litengenezwe kwa njia hiyo hiyo, na herufi ya kutiwa rangi iwe r.

Juu ya kivuli na ukingo

Mwanachuo atauliza: je, kivuli kisitumike kabisa? Kitumike, lakini mahali pake ni kichwa cha bango, ambacho mwalimu hukisoma mwenyewe, wala si maneno ya somo. Tutazame kinachotokea. Kivuli huirudia herufi kwa kuisogeza pembeni. Katika l hutokea mistari miwili badala ya mmoja. Katika a kivuli huingia tunduni na kuliziba. Katika u na n huufunika uwazi ambao ndio unaozitofautisha. Hivyo kivuli hushambulia sehemu zile zile ambazo mtoto anazitegemea.

Kwa kichwa cha bango, tumia amri ya ‘Drop Shadow’. Kivuli kisogezwe kwa kiasi kisichozidi robo ya unene wa mstari wa herufi, na kiwe hafifu. Ukingo nao hufaa pale ambapo herufi zimewekwa juu ya rangi au picha. Chagua umbo la herufi kwa ‘Alpha to Selection’, lipanue kwa pikseli 12 kwa amri ya ‘Grow’, kisha ujaze rangi nyeupe katika tabaka jipya lililo chini ya neno. Ukingo huo huitenga herufi na vurugu iliyo nyuma yake bila kuligusa umbo lake.

Kutoka A4 hadi manila

Karatasi ya A4 haitoshi kwa darasa zima. Kuna kadirio lisemalo kwamba herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Ikiwa dawati la mwisho liko mita 9 kutoka ukutani, herufi ndefu kama l iwe na kimo cha sentimita 7.5 au zaidi. Katika ukurasa wetu l ina kimo cha sentimita 5 hivi, kwa hiyo hatuna budi kuikuza.

Piga miraba ya sentimita 2 juu ya karatasi iliyochapwa. Kisha piga miraba ya sentimita 4, kwa penseli hafifu, juu ya karatasi ya manila. Nakili kila mraba katika mwenzake na ujaze kwa kalamu ya rashasha. Sasa l itakuwa na kimo cha sentimita 10, na manila yenye sentimita 60 kwa 84 itatosha maneno yote mawili, moja juu ya jingine. Kwa njia hii kompyuta moja iliyo mbali na shule, hata ikitumiwa mara moja kwa muhula, inaweza kulihudumia darasa lisilo na umeme.

Kulitumia bango darasani

Somo lianze kwa sikio. Mwalimu aonyeshe kalamu halisi na picha ya karamu, atamke maneno hayo polepole, na watoto wanyooshe mkono wasikiapo kalamu. Ndipo afunue bango. Aulize: “Maneno haya yanafanana wapi? Yanaachana wapi?” Rangi na mstari vitalipeleka jicho mahali hasa pa jibu, na mtoto ataiona tofauti ambayo sikio lake halijaizoea. Kisha mwalimu azifunike l na r kwa vipande vya karatasi, watoto waseme ni herufi gani iliyofichwa, na mwishowe waandike maneno hayo katika madaftari yao.

Mwalimu asiishie hapo. Kitabu cha mtoto hakina l nyekundu. Mtoto akizoea kutafuta rangi, atakuwa amejifunza rangi badala ya herufi. Kwa hiyo baada ya siku mbili au tatu bango libadilishwe. Rudi kwenye faili la XCF, ufiche tabaka la nakala yenye rangi pamoja na lile la mstari, na neno jeusi lililo chini litaonekana peke yake. Lichape na ulikuze kama mwanzo. Mtoto akilisoma neno hilo tupu bila kusita, pambo limemaliza kazi yake.

Majaribio matatu kabla ya kubandika

Kwanza, ligeuze bango kuwa la kijivu kwa amri ya ‘Desaturate’. Ikiwa neno limefifia, rangi zibadilishwe. Manjano juu ya nyeupe haifai kamwe. Pili, libandike ukutani na ukae kwenye dawati la mwisho, wakati wa asubuhi na tena wakati wa alasiri, kwani mwanga wa dirishani hubadilika. Tatu, mwite mtoto mmoja na umwombe asome, bila kumsaidia. Hukumu ya mtoto huyo ina uzito kuliko sifa za walimu wote.

Mazoezi

1. Tafuta kanga tatu. Eleza jinsi jina la kila moja lilivyotengwa na nakshi zake.

2. Tengeneza bango la maneno mahali na mahari kwa kufuata hatua tulizozieleza. Toa nakala mbili, moja yenye rangi na nyingine tupu, na uandike katika andalio la somo siku utakayobadilisha.

3. Chukua bango ulilolitengeneza zamani. Taja kila pambo lililomo, na ueleze lilielekeza jicho la mtoto wapi. Yale ambayo hukuweza kuyaeleza, yaondoe, kisha ulijaribu bango hilo upya darasani.